Hakufungwa, alifunga: historia ya hedhi inayopotea

Najua nimepotea. Ningeweza kusingizia kazi ya gazeti, na kweli kazi ya gazeti inabana, lakini safari hii sababu ni nyingine. Kwa miezi mingi kulikuwa na jambo la nyumbani limenikaa kichwani, na kila nilipokaa kuandika hapa nilijiona mnafiki kuzungumzia mambo mengine. Leo naliandika.

Mliozoea kusoma historia hapa msiondoke. Historia ipo, tena ni ya karibu miaka elfu mbili. Na wanaume wenzangu mlioona neno "hedhi" kwenye kichwa cha habari mkataka kukimbia, nawaomba mbaki. Mwaka jana na mimi ningekimbia.

Mdogo wangu wa kike ameniruhusu kuandika haya. Sharti lake ni moja: nisitaje jina lake wala chuo anachosoma.

Ilianza hivi. Mdogo wangu ana miaka 22. Januari ya mwaka jana alijiandikisha kukimbia nusu marathoni, na aliyemshawishi ni mimi. Nikampangia ratiba ya mazoezi kwenye karatasi ya daftari. Nikamwambia kwa utani kwamba siri ya wakimbiaji ni "kula nusu, kimbia mara mbili". Mimi nilisahau utani ule siku hiyo hiyo. Yeye hakusahau.

Akaacha ugali. Akaacha wali. Chapati ndiyo kabisa, hata kuitazama hakutaka. Asubuhi kikombe cha chai ya rangi, mchana tunda, jioni mboga za majani na kipande cha samaki. Kila Jumamosi kilomita 18. Mwili ukapungua, watu wakamsifu. Na mimi nikamsifu. Niliweka picha yake kwenye kundi la familia nikaandika neno moja: "Nidhamu."

Mwezi wa sita siku zake zikakatika. Hakumwambia mtu. Wa kwanza kugundua alikuwa mama, na aligundua kwa njia za akina mama: pakiti za pedi alizomnunulia mwanzo wa muhula zilirudi nyumbani likizo hazijafunguliwa. Mama hakumuuliza "una nini?" Alimuuliza "ni nani?"

Kipimo cha mimba kikanunuliwa duka la dawa. Hakuna mimba. Kikanunuliwa kingine duka jingine, maana huenda kile cha kwanza kilikuwa kibovu. Hakuna. Baada ya wiki mbili cha tatu. Hakuna. Mama hakuamini mpaka tumbo lenyewe lilipokataa kukua.

Kisha akaja shangazi na lake. Mtoto amefungwa, alisema. Kuna mtu kamfunga kizazi kwa wivu, apelekwe kwa mtaalamu kabla mambo hayajaharibika. Mimi msomi wa chuo kikuu nikapinga kwa sauti kubwa, nikashinda. Badala yake akapelekwa kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Waliandika tarehe ya mara ya mwisho kuona siku zake, wakampa vidonge vya majira, basi. Mwezi uliofuata damu ikatoka, tena kwa tarehe kama mshahara wa serikali. Mama akapika pilau. Baada ya miezi mitatu vidonge vikaisha. Kimya kikarudi pale pale.

Januari mwaka huu akaanza kulalamika mguu. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa mundi. Hajaanguka, hajagongwa, ana miaka 22, mfupa una ufa. Ndipo tukafika kwa daktari mmoja wa kike, mtu mzima. Nilikuwa nimekaa pembeni, nimeruhusiwa kuingia kwa kuwa mlipaji ni mimi. Aliusoma ule mguu, akanyamaza kidogo, akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza kwa miezi saba:

"Mwanangu, jana ulikula nini? Nianzie asubuhi."

Mdogo wangu akataja. Haikuchukua muda. Daktari akauliza jana alikimbia kiasi gani. Akauliza kama analala. Kisha akasema: "Vipimo tutafanya vyote, lakini nadhani jibu umeshanipa."

Wiki hiyo nikaanza kufanya kile ninachojua kufanya. Nikasoma. Nilitaka kujua swali dogo kama lile lina umri gani, na kwa nini sisi wote, mama, shangazi, zahanati na mimi, tulilipita.

Duka linapofungwa

Kwanza tuelewe kinachotokea, kwa lugha nyepesi. Ndani ya ubongo, chini kabisa, kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Hiyo ndiyo inayoangalia njaa, kiu, joto na usingizi. Takriban kila saa moja au moja na nusu hutoa kiasi kidogo cha homoni kwenda kwenye tezi iliyo chini yake, pituitari. Pituitari nayo hutuma homoni zake kwenye ovari. Ovari hukomaza yai na kutoa estrojeni. Yai likipevuka bila mimba kutungwa, wiki mbili baadaye hedhi inakuja.

Haipothalamasi ikiona chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi inayofanyika, au mtu yuko kwenye dhiki kubwa, hupunguza yale mapigo. Pituitari inapoa, ovari zinalala, hedhi inakatika. Hakuna kilichoharibika. Ni kama mwenye duka aliyeona mtaji umekwisha akafunga mlango kwa muda, akabakiza taa moja ndani. Kuzaa ni gharama kubwa, na mwili wenye njaa hauingii gharama hiyo.

Shangazi yangu, kwa hiyo, alikosea herufi moja tu. Mtoto hakufungwa. Alifunga, na mwili wake ukafunga pia.

Waliokwishaona

Soranus wa Ephesus alikuwa tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma karibu karne ya 2. Kitabu chake cha magonjwa ya wanawake kimetufikia. Humo aliandika kwamba wapo wanawake wasioona hedhi bila kuwa wagonjwa, akawataja waimbaji na wanaofanya mazoezi mengi. Maelezo yake ni kwamba kwao hakuna kinachobaki, mazoezi yamekula chote. Hajui homoni, hajui haipothalamasi, lakini hesabu yake ni ile ile ya daktari wetu: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki.

Ruka hadi London. Mwaka 1689 tabibu Mwingereza Richard Morton alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya kukonda. Humo ameeleza habari ya binti aliyekuwa katika mwaka wake wa 18, ambaye mwaka 1684, mwezi Julai, hedhi yake ilikatika. Binti alikuwa akikesha na vitabu, chakula hakipendi, na alikuwa amekonda hadi kuwa mifupa iliyovikwa ngozi. Morton alisema chanzo ni wingi wa mawazo na masumbuko ya moyo. Akampa dawa za wakati ule. Binti akazichoka, akaziacha, na miezi mitatu baadaye akazimia akafa.

Miaka karibu 200 baadaye, London hiyo hiyo, Januari 1866, daktari William Gull aliletewa msichana wa miaka 17 aliyemwita Miss A. Uzito wake ulikuwa ratili 82, kama kilo 37. Hedhi ilikuwa imekatika karibu mwaka mzima. Gull alichunguza mapafu, moyo, tumbo, hakuona ugonjwa. Akaamua kwamba tatizo ni kutokula, na tiba ni kulishwa kwa saa maalumu chini ya uangalizi. Machi 1868 Miss A alikuwa na ratili 128, kama kilo 58, na afya yake ilikuwa imerejea. Mwaka 1873 Gull aliupa ugonjwa ule jina tunalolitumia hadi leo, anoreksia nevosa, na mwaka huo huo Charles Lasègue wa Paris aliueleza kwa upande wake.

Hapa ndipo pana mtego. Kwa kuwa wagonjwa hawa walikuwa mabinti wa nyumba zenye nafasi, waliokataa chakula kilichokuwa mezani, fikra ikajengeka kwamba hedhi inakatika kwa sababu ya kichwa cha msichana mkaidi. Je, wasichana wasiokataa chakula, bali walikosa chakula?

Adui muombee njaa

Swali hilo lilijibiwa na vita.

Mwaka 1917, Ujerumani ikiwa imezingirwa na njaa imeingia mijini, madaktari wa huko walianza kuandika kuhusu wanawake wengi ambao hedhi zao zimekatika kwa wakati mmoja. Walilipa jambo hilo jina la hedhi iliyokatishwa na vita. Hawa hawakuwa mabinti wakaidi. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani na akina mama wa nyumbani.

Vita ya pili ikarudia somo kwa ukali zaidi. Leningrad ilizingirwa kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Mwaka 1942 watoto waliozaliwa huko walipungua kupita kiasi, na daktari A. N. Antonov, katika taarifa yake ya 1947, alieleza jinsi hedhi zilivyokatika kwa wanawake wengi wa mji ule.

Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia miji ya magharibi baada ya wafanyakazi wa reli kugoma. Mgao wa mtu mzima ukashuka chini ya kilokalori 1,000 kwa siku, na katika wiki mbaya zaidi ukawa karibu nusu ya hapo. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Wanawake wengi waliacha kuona siku zao, na miezi tisa baadaye idadi ya watoto waliozaliwa katika miji hiyo ilishuka hadi karibu nusu ya kawaida au chini ya hapo. Mei 1945 vita ikaisha, mkate ukarudi. Mwaka 1946 wodi za wazazi zikajaa.

Tafadhali rudia kusoma sentensi hizo mbili za mwisho. Chakula kilirudi, watoto wakarudi. Mji mzima ulikuwa umefunga duka, na mji mzima ukalifungua.

Kwenye kambi za mateso za Wanazi hali ilikuwa hiyo hiyo, na wafungwa wengi wa kike waliamini kwamba wanatiliwa dawa kwenye supu ili wasione hedhi. Wapo watafiti wanaoijadili imani hiyo hadi leo, na kwa unyama uliofanyika kule simshangai aliyeamini. Lakini jambo lile lile lilitokea hata mahali ambapo hakuna aliyeshukiwa kuweka dawa. Kambi ya Stanley, Hong Kong, Wajapani waliwaweka kizuizini raia wa Uingereza kuanzia Januari 1942. Daktari Annie Sydenham, aliyeandika taarifa yake mwaka 1946, aliona hedhi zimekatika kwa wanawake wengi, na kwa baadhi zilikatika mapema mno, kabla njaa haijapata muda wa kuwamaliza. Hofu peke yake ilitosha kuanza kazi.

Nilipofika hapa nilimkumbuka shangazi, na nikaona haya kidogo kwa jinsi nilivyomcheka. Mwanamke anayeona mwili wake umenyamaza ghafla hutafuta nani kafanya. Supu au jirani mwenye wivu, kiu ya jibu ni moja.

Mwaka 1969 mwanahistoria Mfaransa Emmanuel Le Roy Ladurie aliandika makala iliyonifanya nipende taaluma hii upya. Aliulizia jambo ambalo wanahistoria walikuwa wameliona miaka mingi kwenye vitabu vya kanisa vya karne ya 17. Kila njaa ilipoingia, ubatizo ulipungua, kisha mavuno yakirudi nao ukaongezeka. Kwa nini? Wengine walidhani ni vifo na ndoa kuahirishwa, au watu kujizuia. Le Roy Ladurie akaleta ripoti za madaktari wa vita zote mbili, akasema tusisahau kwamba huenda wanawake wale hawakuweza kushika mimba. Yaani mistari mitupu kwenye daftari la padri ilikuwa inaandika njaa ya wanawake ambao hakuna aliyewahoji.

Kutafuta mwenye ufunguo

Jina lenyewe la ugonjwa ni la miaka ya 1940. Daktari Mmarekani Edward Reifenstein aliandika mwaka 1946 kuhusu hedhi kukatika kwa sababu ya "nafsi" au ya "haipothalamasi", maneno hayo mawili yakiwekwa bega kwa bega. Unaona walivyokuwa njia panda: ni roho au ni kiungo?

Mwingereza Geoffrey Harris ndiye aliyeonyesha njia. Alishikilia kwamba ubongo huiongoza pituitari kwa kemikali zinazopita kwenye mishipa midogo ya damu iliyo katikati yao, na mwaka 1955 akachapisha kitabu chake kikuu. Wengi walimpinga, maana hiyo kemikali hakuna aliyeishika. Ndipo ukaanza ushindani wa timu mbili Marekani, ya Andrew Schally na ya Roger Guillemin. Schally alitumia vipande vya ubongo wa nguruwe zaidi ya laki moja na nusu, Guillemin wa kondoo wengi kuliko hao, ili kupata chembe tu. Mwaka 1971 muundo wa homoni ukajulikana. Harris alifariki mwaka huo huo. Mwaka 1977 Schally na Guillemin walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, mwanamke aliyebuni namna ya kupima homoni ndogo kiasi hicho.

Ernst Knobil wa Pittsburgh akamalizia fumbo. Mwaka 1978 timu yake ilionyesha kwamba nyani akipewa homoni hiyo mfululizo, pituitari inanyamaza. Akipewa pigo moja kila saa, inafanya kazi. Mpangilio wa mapigo ndio ujumbe wenyewe. Mwaka 1980 Wajerumani wakiongozwa na Gerhard Leyendecker wakatumia pampu ndogo yenye mapigo kama hayo kwa wanawake wenye tatizo hili, na mayai yakapevuka. Ovari hazikuwahi kuwa mbovu. Zilikuwa zinasubiri kuitwa.

Wanawake wanaokimbia

Miaka hiyo hiyo wanawake wa nchi za Magharibi walianza kukimbia mbio ndefu kwa wingi. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Makocha wakaanza kuona kile Soranus alichoona.

Mwaka 1974 Rose Frisch wa Harvard na Janet McArthur walisema siri ni mafuta ya mwilini: msichana anahitaji kama asilimia 17 ili avunje ungo, na takriban asilimia 22 ili hedhi iendelee. Wazo likasambaa kila mahali. Lakini mwaka 1980 Michelle Warren aliwafuatilia wasichana wacheza baleti huko New York, akaona hedhi zikirudi wanapopumzika kwa majeraha, ilhali uzito wao haujabadilika sana. Kwa hiyo si mafuta peke yake. Huu ndio ujumbe kwa wanaosema "mbona hajakonda sana?" Mdogo wangu hakuwa mifupa mitupu. Alikuwa "amependeza".

Mwaka 1985 Beverly Bullen na wenzake waliwachukua wanafunzi 28 wa kike wasio wakimbiaji, wakawakimbiza kwa miezi miwili hadi maili 10 kwa siku. Wanne tu ndio waliobaki na mzunguko wa kawaida. Lakini ndani ya miezi sita baada ya jaribio kuisha, wote walikuwa wamerudi sawa.

Ungedhani basi, ni jambo la kupita. Hapana. Mwaka 1984 Barbara Drinkwater alilinganisha wanariadha wanaoona hedhi na wasioiona. Wasioiona walikuwa na wastani wa miaka 25 hivi, na uti wao wa mgongo ulikuwa na mifupa ya mwanamke wa miaka 51. Estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa, na ovari zikilala mlinzi anaondoka. Mwaka 1986 alionyesha kwamba hedhi ikirudi mifupa huanza kujijenga, ingawa ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha si yote hurudi. Nilisoma hayo nikaukumbuka ule ufa.

Aliyefunga mjadala kwangu ni Anne Loucks wa Ohio. Mwaka 1998 alionyesha kwamba mazoezi yenyewe hayana kosa. Wanawake waliofanya mazoezi makali huku wakilishwa vya kutosha, mapigo ya homoni zao hayakuvurugika. Wasiolishwa, yalivurugika ndani ya siku chache. Mwaka 2003 akaweka mpaka: ukitoa nguvu iliyotumika kwenye mazoezi, kinachobaki kikishuka chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, mapigo huanza kupungua.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya Jumamosi moja ya mdogo wangu. Kilo zisizo mafuta, tuseme 45. Alichokula, kwa makadirio ya ukarimu, kilokalori 1,300. Kilomita 18, karibu 950. Kilichobaki 350. Gawanya kwa 45: haifiki hata 8. Kula nusu, kimbia mara mbili.

Wala tusidhani ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa wasichana wakimbiaji wa Kenya, na matatizo ya hedhi yalionekana zaidi kwao kuliko kwa wenzao wasiokimbia. Tunaandika medali zao kila msimu kwenye kurasa za michezo, mimi nikiwemo. Sijawahi kumuuliza hata mmoja kama anakula akashiba.

Njia ya kurudi

Mwaka 2017 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu tatizo hili. Nautoa kwa kifupi kwa sababu naamini kuna msomaji hapa anayeuhitaji.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, tafuta daktari. Kwanza mimba ipimwe, kisha yaangaliwe mengine: tezi ya shingo, homoni ya maziwa, ovari zenyewe, na kadhalika. Tatizo la haipothalamasi hukubaliwa baada ya hayo kuondolewa. Tiba ya msingi ni kula zaidi, kupunguza mazoezi na kushughulikia msongo wa mawazo. Vidonge vya majira havishauriwi kwa lengo la kurudisha hedhi wala kulinda mifupa. Damu inayotoka ni ya vidonge, na inaficha kwamba duka bado limefungwa. Ile pilau ya mama tulikula bure.

Kuhusu msongo, Sarah Berga na wenzake mwaka 2003 waliwachukua wanawake 16 wenye tatizo hili. Wanane wakapewa tiba ya mazungumzo kwa wiki 20, wanane wakaangaliwa tu. Wa kundi la kwanza, saba ovari zao ziliamka. Wa kundi la pili, wawili. Yale "masumbuko ya moyo" ya Morton hayakuwa upuuzi. Na tahadhari moja: yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, kwa hiyo mimba inaweza kuingia kabla hujaona kitu.

Kwa mdogo wangu kilichokuwa kigumu si kukimbia kidogo, maana mguu ulishaamua. Kigumu kilikuwa sahani. Uji wa karanga asubuhi, wali maharage mchana, chapati ikarudi. Wiki za kwanza alilia mbele ya chakula, na sikujua la kusema. Watu wale wale waliomsifu wakaanza "umenenepa siku hizi". Nilijifunza kwamba tunazungumzia miili ya dada zetu kama bei ya nyanya. Alikuwa anaenda kwa mshauri nasaha kila wiki mbili. Akaongezeka kilo sita. Mwezi wa tano hakuna. Mwezi wa sita hakuna. Julai, usiku, akanitumia ujumbe: "Kaka, imekuja. Mwambie mama asipike pilau kwanza, tusubiri tatu."

Tatu zimeshapita. Pilau tumekula, na yeye alirudia sahani.

Siku moja nikamwomba radhi kwa ile ratiba ya kwenye daftari. Akasema, "Ratiba haikuwa mbaya sana, kaka. Ila hukuuliza nakula nini." Ni kweli, sikuuliza. Sasa hivi anakimbia tena, kilomita tano tano, na kabla ya kutoka anakula ndizi mbili nikimwona.

Haya, nimemaliza. Kama wewe ni dada na hili limekugusa, nenda kwa daktari, na akikuuliza ulikula nini jana mjibu ukweli. Asipokuuliza, mwambie wewe. Kama wewe ni kaka, baba au kocha, tuambie hapa chini uliwahi kuuliza lini.